Kitasa cha Fleti 604

Siku yangu ya kwanza nilipewa ndoo, sikupewa funguo. Bomba la ghorofa ya nne lilikuwa limepasuka, maji yanashuka ngazi moja moja kama mtu asiye na haraka. Baba Khoza, aliyekuwa msimamizi wa jengo wakati huo, akaniangalia kuanzia viatu mpaka kofia akasema, "Wewe Tanzania, anza juu, usianze chini." Mimi nilikuwa nimeshaanza chini. Nilizoa maji ya ghorofa ya kwanza saa nzima huku ya juu yananifuata. Naliandika hili kwa sababu juzi nimemwona mmoja wenu akifanya vilevile, naye ana kipimo cha umeme cha kisasa mfukoni.

Nimestaafu mwezi uliopita. Ninyi mlioshika majengo ya Joubert Park baada yangu mliniomba niandike kazi ilivyokuwa, hasa mwaka ule wa lockdown, tulipofungiwa ndani kwa ajili ya korona, sheria zilipobadilika na kila mtu akawa hajui nani anaruhusiwa kumfanyia nani nini. Sijui kama mimi ndiye wa kuulizwa. Nilisoma mpaka darasa la saba, Tanga, na binti yangu aliyezaliwa hapa anaelewa Kiswahili lakini ananijibu kwa Kiingereza, kwa hiyo sina wa kunisahihisha. Nilicho nacho ni madaftari ya kazi. Kila siku niliandika mistari miwili mitatu. Pale daftari linaponyamaza nitawaambia kwamba linanyamaza, nisije nikajaza kwa kujipendelea.

Baba Khoza alikuwa Mtsonga, mrefu, mwenye dharau kwa kila chombo kipya. Alinifundisha kugonga mlango na kusimama pembeni, kwa sababu mtu aliyeamka vibaya hurusha alichoshika. Alinifundisha kutia unga wa penseli kwenye kitasa badala ya mafuta, maana mafuta hushika vumbi, na vumbi la mji huu linatoka kwenye vilima vya machimbo, halitaki mchezo. Alinifundisha kwamba choo kikiziba ghorofa ya tatu, mwenye kosa yuko ya saba na atakuwa wa kwanza kulalamika.

Zaidi ya yote alinifundisha habari ya karatasi. Mnaijua, lakini wacha niieleze kwa asiyeijua. Kwenye majengo yetu mtu mmoja huchukua fleti kwa mkataba. Huyo ndiye mwenye karatasi. Yeye naye huigawa kwa mbao na mapazia, chumba hiki familia, kona ile mtu mmoja, veranda watu wawili. Hao ni watu wa pazia. Baba Khoza alisema, "Wewe unamjua mwenye karatasi tu. Wale wengine huwajui, hata ukiwajua." Niliwaamkia, nilijua majina ya watoto wao, niliwabebea mitungi ya gesi lifti ilipokufa. Lakini kwa mambo ya mlango sikuwajua. Mwenye karatasi akisema kitasa kibadilishwe, unabadilisha, unampa funguo yeye, unaondoka. Nisiseme ulikuwa utaratibu mbaya. Maji yakivuja unamwambia mtu mmoja. Wakipigana, mtu mmoja anajibu. Ulitufaa zaidi ya miaka ishirini, na katika miaka hiyo sikuwahi kujiuliza kitu kuuhusu.

Mwenye jengo alikuwa Mister Naidoo, mfamasia mstaafu. Alikuwa na jengo hilo moja tu. Alikuja kila Alhamisi akapanda ngazi kwa miguu yake mwenyewe mpaka ya tisa, anapumua kwa shida, anagusa kuta kama anapima homa. Hakuwa mtu wa kucheka, lakini bomba likipasuka alileta bomba. Mwaka ule alikuwa amechukua mkopo wa benki ageuze kiwanda kikuukuu cha uchapaji kilichokuwa jirani kiwe vyumba vidogo vya kupanga. Nguzo zilikuwa zimefika ghorofa ya pili, nondo zimechomoza juu.

Halafu wakatangaza kila mtu akae ndani.

Ninyi mnaikumbuka kwa simu zenu. Mimi naikumbuka kwa mabomba. Jengo lililozoea kuwa tupu mchana likajaa watu siku nzima, fleti ya watu wanane wote wanapika, wote wanaoga, wote wanakwenda chooni na karatasi ya choo imekwisha wanatumia magazeti. Nilizibua kila siku. Nje kimya. Nilisimama getini nikatazama robot za kona, taa za kuongoza magari, zinabadilika rangi, nyekundu, kijani, na hakuna gari la kuzitii. Wanajeshi walipita kwa miguu katikati ya barabara. Nilikuwa nimeona mengi katika mji huu, lakini sikuwahi kuuona umenyamaza, na nasema kweli niliogopa kimya kuliko nilivyoogopa ugonjwa.

Mister Naidoo akanipigia simu. "Bakari, nimekutumia karatasi. Ichapishe, uibandike karibu na lifti. Hakuna mtu wa kutolewa ndani ya nyumba. Serikali imekataza."

"Hata wasiolipa?"

"Hata wanaonitukana. Bandika."

Nilibandika kwa mkono wangu, pembe nne, gundi nyingi. Nilishangaa, siwezi kuficha. Miaka yote nimewaona watu wa ovaroli wanaokodiwa kuja kutoa vitu vya watu nje, magodoro, masufuria, makabati yanavunjikia ngazini. Mara mbili niliombwa niwafungulie milango, mara mbili nikasema funguo sizioni. Nilikuwa nikijisifu msikitini kwamba mkono wangu haujawahi kumtoa mtu. Na sasa tangazo moja limesimamisha yote yale. Nilisimama mbele ya lifti naiangalia ile karatasi kama mtu aliyeambiwa mvua imepigwa marufuku.

Niwe mwadilifu kwa pande zote. Wapo waliookoka kwa sheria ile, wengi, watu wa kusuka nywele, wa kuuza barabarani, ambao kazi zao zilikufa siku moja. Wapo pia walioitumia. Bwana wa 302 alikuwa mtumishi wa serikali, mshahara wake haukukatika hata siku moja, naye alimwambia Mister Naidoo kwenye simu, mbele yangu, "Subiri korona iishe, mzee, tutaongea." Mister Naidoo alikuwa amezuiwa kumtoa mtu, lakini waliokuwa wakimdai yeye hawakuzuiwa na mtu. Bili za maji za manispaa zilikuja, benki ilipiga simu. Mafundi wa jengo la jirani waliondoka na hawakurudi, nondo zikaanza kutu. Alhamisi aliporuhusiwa kuja tena, hakupanda ngazi. Alikaa kwenye gari.

Sasa 604.

Mwenye karatasi wa 604 alikuwa Mama Furaha, mtu wa Bukavu, mpishi wa shughuli, mwenye sauti ya kufika ghorofa mbili. Ndani walikuwa saba. Mmoja alikuwa mama yake mzazi, Bibi, mzee sana, ana sukari na presha. Mwingine, nyuma ya pazia karibu na veranda, alikuwa Nadine, Mrundi, msichana mkimya aliyekuwa akifua mashuka kwenye kliniki moja. Kwa sababu ya kliniki Nadine alikuwa na barua ya ruhusa, aliivaa shingoni ndani ya mfuko wa plastiki. Ndiye mtu pekee wa ghorofa ya sita aliyetoka kila asubuhi.

Asubuhi moja, saa nne, Mama Furaha alinishukia. "Mzee Bakari, kitasa iko nasumbua. Uniwekee silinda mupya."

Nilipanda na bisibisi. Kitasa hakikuwa na ubaya, nilikijaribu, kilizunguka. Nilitoa silinda ya zamani, ule moyo wa kitasa unaopokea funguo, nikaweka mpya, kazi ya dakika kumi, nikapewa chai. Silinda mpya huja na funguo tatu. Nikamuuliza, "Watu saba, nikuchongeshee nyingine?"

"Tatu inatosha. Hatutoki."

Nimekaa kwenye kazi hii muda wa kutosha kuelewa maneno yale. Nitasema ukweli wangu: nilijua nusu. Ile nusu nyingine sikuitafuta, kwa sababu aliyekuwa anaongea ni mwenye karatasi. Daftari la siku hiyo lina mstari mmoja: "604 silinda mpya. Inafanya kazi vizuri."

Saa kumi Nadine akaja mlangoni kwangu chini. "Shikamoo mzee. Funguo yangu imekataa."

"Marahaba. Si lazima ikatae? Ni silinda mpya."

Akaitazama funguo yake. "Nani ameibadilisha?"

"Mimi."

"Na funguo yangu?"

Nikageuka nikatazama ndoano zangu ukutani, kana kwamba ingekuwepo pale.

Tulipanda pamoja. Nadine akagonga. Mama Furaha akajibu bila kufungua. "Nadine, mie sina ubaya na wewe. Uniachie mama yangu."

"Mama Furaha, kwanza fungua."

"Kila siku uko nafua mashuka ya bagonjwa, halafu unakuja kulala mita tatu na mama. Vitu yako nimefunga vizuri, nitakupatia. Uende kwa ndugu yako Diepsloot."

"Saa hizi Diepsloot nitafikaje? Nje kuna wanajeshi."

"Mie nitafanya je? Uniambie wewe. Utamuzika mama yangu?"

Sauti yake ilipasuka hapo. Nawaandikia hili mjue kwamba nyuma ya ule mlango hakukuwa na mtu mwovu. Kulikuwa na mtu aliyeogopa kwa sababu ya kweli.

Nadine akanigeukia. "Mzee, pardon. Ile karatasi ya kwenye lifti, si wewe uliibandika?"

"Ni mimi. Lakini ile inamzuia mwenye nyumba asitoe watu."

"Twende tukaisome."

Tulishuka ghorofa sita. Akaweka kidole chini ya mistari, polepole, anasoma kwa Kiingereza na kunigeuzia kwa Kiswahili. Haikusema mwenye nyumba. Ilisema mtu asitolewe mahali anapoishi, pawe pamepangwa rasmi au hapana. Alisoma mara mbili, bila ukali, kama anayemsaidia mtoto kazi ya shule.

"Nyuma ya pazia, mzee, mimi si naishi?"

Ningeelewa kama ingekuwa nimelazimishwa, au nimehongwa, au nimekuja na watu wa ovaroli. Nilikuja na bisibisi, nikanywa chai, nikasema ahsante. Mtu wa kwanza kutolewa nyumbani katika jengo lile tangu sheria ile itoke alitolewa na mimi, na niliandika kwenye daftari kwamba inafanya kazi vizuri.

Nikampigia Mister Naidoo, nikaweka spika, nikamweleza.

"Umefanya nini, Bakari? Eish. 302 ananitukana kila wiki na simgusi. Halafu msimamizi wangu anabadilisha kitasa. Rudisha."

"Kuna bibi mgonjwa mle ndani."

"Najua kuna bibi. Lile jengo la jirani lingekuwa limekwisha, ningempa huyo binti chumba leo hii. Halijaisha. Rudisha kitasa."

Nilipanda tena. Mama Furaha alisikia jina la Mister Naidoo akafungua, macho mekundu, akasogea pembeni. Ili kutoa silinda lazima mlango uwe wazi na uinamie ukingo wake. Skrubu ikaliwa. Kazi ya dakika kumi ikawa ya nusu saa. Barakoa ilikuwa inatia ukungu kwenye miwani yangu, sioni skrubu, nikaishusha kidevuni. Bibi alikuwa kwenye kiti chake, hatua nne kutoka mlangoni. Akaniita, "Baba, karibu. Unatoka upande gani?" Hakusikia vizuri, alikuwa akitazama mdomo wa mtu. Nikasogea. Nikainama nikamjibu karibu na uso wake, barakoa bado kidevuni, na akacheka kwa furaha kwamba amenisikia. Tukaongea hivyo mara tatu nne, nikirudi kwenye skrubu.

Nadine akaingia na ndoo yake. Akanawa nje, akatundika pazia la pili juu ya la kwanza, akapitia ukutani bila kumkaribia mtu. Nikaandika: "604 silinda ya zamani imerudishwa. Skrubu moja imeliwa."

Siku mbili baadaye nilifungua mfuniko wa bomba kuu la maji machafu nyuma ya jengo na sikusikia harufu yoyote. Nilifurahi. Nilidhani nimezoea hatimaye. Jioni chai haikuwa na ladha, na nikaanza kukohoa. Nilijifungia chumbani kwangu chini, nikawaambia watu ni vumbi la saruji. Daftari linanyamaza hapa siku kumi na moja, na siwezi kusema ni homa tu iliyolinyamazisha.

Bibi alianza kuumwa ndani ya siku hizo. Gari la wagonjwa lilikuja mchana. Hakurudi. Alizikwa na watu wachache, kama sheria ilivyotaka wakati ule, na Mama Furaha hakuruhusiwa hata kumwosha.

Kwenye ngazi walikuwa na jibu lao tayari. Mfua mashuka. Nadine alipimwa kazini kwake mara mbili, hakuwa na ugonjwa. Alikuja na karatasi ya majibu dirishani kwangu. "Mzee, mimi sina. Tafadhali waambie, wewe wanakusikiliza." Nikamwambia nitawaambia. Nilikuwa na dirisha limefungwa, nakohoa, nampungia mkono kupitia kioo. Sikuwaambia. Ningewaambiaje hana bila mtu kuuliza basi nani anao?

Wiki iliyofuata aliondoka, asubuhi, na pazia lake amelikunja chini ya kwapa. Hakuna aliyemtoa. Hakuna aliyegusa kitasa. Karatasi ya lifti ilikuwa bado ukutani, pembe zote nne, na hakuna mtu hata mmoja aliyeivunja.

Yaliyofuata mengi mnayajua. Sheria zililegezwa hatua kwa hatua, lakini kumtoa asiyelipa bado kulitaka mahakama, na mahakama zilikuwa na foleni. 302 alikaa bure mpaka alipochoka mwenyewe. Mister Naidoo aliuza jengo letu na yale magofu ya jirani kwa kampuni moja, kwa bei ambayo hakutaka kunitajia. Aliniambia, "Nilifuata kila mstari, Bakari," akaondoka. Naamini kweli alifuata. Kampuni ilileta geti la alama za vidole. Kila mtu wa pazia sasa ana kidole chake kwenye mashine, hilo nawasifu. Vyumba vya jirani vimekwisha pia, na kwa bei zake hakuna mfua mashuka anayeweza kuvipanga.

Wiki niliyokabidhi funguo nilipanda 604. Nilikuwa nimelibeba neno lile miaka yote, nikasema nisiondoke nalo. Mama Furaha alikuwa anamenya viazi. Nikamwambia nikiwa nimesimama: ile siku ya kitasa, barakoa yangu ilikuwa kidevuni, na siku mbili baadaye niliugua. Nadine hakuwa na ugonjwa. Nilikuwa nao mimi.

Hakuacha kumenya. "Mzee, ukae."

Nikakaa.

"Ile mie najua. Zamani."

"Unajua?"

"Ulikohoa wiki mbili. Jengo nzima ilikusikia. Vumbi ya saruji gani, na bafundi balishakwenda?"

Nikamuuliza kwa nini hakunisema, kwa nini aliacha lisemwe la Nadine.

Akaweka kisu chini. "Nikugombeze wewe, maji ikikatika nani atanifungulia? Umeme ikilala nitamwita nani? Nadine hakukuwa anafungua kitu." Akafuta mikono kwenye aproni. "Mie niliona haya mbele yake. Lakini niliogopa sana kukukosa wewe."

Nilikuja kuungama, nikakuta nimeogopwa. Nikauliza kama Nadine naye alijua.

"Ni yeye alinambia. Alikuona kwa dirisha, akasema huyu mzee ndiye anayo, musimukaribie, mumuachie chakula mlangoni. Akasema tusikuambie Bibi aliipata kwako, mpaka upone. Halafu tukanyamaza hivyo hivyo."

Amenipa namba ya Nadine. Yuko Diepsloot bado, anafulia watu nyumbani, kliniki aliiacha, ilikuwa mbali mno, taxi mbili, yaani daladala za huku, kwenda na mbili kurudi. Nimeipiga namba hiyo mara mbili leo, na mara zote mbili nimekata kabla haijaita.